Kiti cha Trekta Jekundu

Kellersburg, Ohio
2 Mei 2011

Mdogo wangu Dwain,

Trekta la nyasi limefika. Lililetwa Alhamisi na watu wawili wa lile duka ulikokuwa ukifanya kazi. Wakalishusha uani, wakaniambia nitie sahihi. Nikawauliza nani kalituma. "Mdogo wako wa Arizona." Nikauliza hakuna barua? Mmoja akacheka, akasema, "Mama, kuna kitabu cha maelekezo." Basi nimekisoma chote, mpaka upande wa Kihispania nisioujua, nikitafuta mahali uliponisalimia.

Najua unataka kusikia linaendaje. Miaka thelathini ya kuwauzia watu wa wilaya hii mashine za nyasi haiwezi kukutoka kwa kukaa jangwani. Haya, sikia. Wekundu wake unaumiza macho. Kiti ni kizuri kuliko benchi la kanisani. Linakata upana wa inchi arobaini na mbili, kwa hiyo uwanja wa mbele, ulionichukua asubuhi nzima na mashine ya kusukuma, nimeumaliza kahawa haijapoa. Kahawa yenyewe niliiweka kwenye lile tundu la kikombe, nikafika kwenye mtaro wa barabarani, ikanimwagikia pajani yote. Ukitaka kurudi nyuma visu vinasimama mpaka ubonyeze kitufe cha njano. Nadhani waliolitengeneza hawamwamini mtu yeyote. Lakini likishapita linaacha mistari iliyonyooka, na mwenyewe nilisimama barazani kuitazama kama mjinga.

Glen Dirksen alisogea mpaka penye mpaka wa uwanja wake na wangu, akalizunguka kwa macho, akasema, "Si baya." Unamjua Glen. Hata siku ya harusi yake na Lois hakusema zaidi ya hapo.

Asante, basi. Nimesema. Sasa na wewe njoo uliendeshe mwenyewe. Tangu tumzike baba hujakanyaga hapa, na huu ni mwaka wa nane. Njoo Septemba, kabla mahindi hayajavunwa. Chumba chako sijakigusa. Usinipigie simu. Kwenye simu tunakatana maneno, lakini barua itabidi ningoje umalize, na wewe uningoje mimi.

Dada yako,
Verna


Mesa, Arizona
11 Mei 2011

Dada Verna,

Sikuweka barua kwa sababu neno ni lako kuandika, si langu.

Unakumbuka Oktoba ile? Baba alilala wiki tatu kwenye kitanda cha sebuleni akimalizika, na wewe ukaniandikia kwamba mahindi yamestawi. Mahindi, Verna. Nilipofika alinitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Kisha baada ya mazishi, kule kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, watu wakila mikate ya nyama ya nguruwe, ulinipakulia viazi kana kwamba hukunifanya lolote. Nilikuambia mbele yao kwamba umeniibia kifo cha baba, na sijayafuta maneno yale. Andika samahani, neno moja tu, nitapanda ndege kesho yake.

Trekta sikulituma ili uandike. Nililituma kwa sababu binamu Arlene aliniambia una miaka sabini na bado unasukuma ile takataka ya baba. Hata kama hatuelewani, sitaki wapita njia waseme Dwain Stueve aliyeuza mashine wilaya nzima dada yake anasukuma.

Sikiliza. Oili ya kwanza uimwage baada ya saa tano za kazi. Usikate nyasi zikiwa na umande. Usishushe visu chini ya inchi tatu, utaunguza uwanja mwezi wa saba. Hiyo ni mashine nzuri kuliko zote nilizowahi kuuza. Kama ningekuwa na nyasi ningejinunulia. Hapa uani kwangu ni kokoto tupu, kama kwa majirani wote. Hakuna anayemkatia mwenzake kitu.

Dwain


Kellersburg
24 Mei 2011

Mdogo wangu Dwain,

Samahani hutaipata. Baba alinishika mkono akasema, "Usimsumbue Dwain, ana kazi." Nilimtii baba. Nikiomba radhi kwa hilo nitakuwa namsengenya marehemu. Laiti ungekuwa unakuja hata siku zisizo na mgonjwa, ungemkuta ana afya na angekujua.

Sasa habari za trekta ulilonizawadia. Ni bovu.

Wiki mbili za kwanza lilikwenda vizuri. Sasa likipita kwenye shimo dogo linazima ghafla, injini na visu pamoja. Ninaliwasha tena, hatua kumi, linazima. Jana limenifanyia hivyo mara sita. Nilivuka nalo barabara kwenda kukata pale makaburini, maana mwezi huu ni zamu yetu, na likazimika mbele ya baba kabisa. Nikabaki nimekaa pale na mikono kwenye usukani, nikaona aibu, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Na Glen ananitazama. Hilo ndilo linaloniudhi. Unajua desturi ya hapa: hakuna anayekuuliza unaumwa nini, wanakukatia nyasi. Unamkumbuka marehemu Hulda Kreps? Alirudi kutoka hospitali akakuta uwanja wake umekatwa na kingo zimenyooshwa. Akaingia ndani, akatoa gauni la kuzikiwa, akalipiga pasi. Mimi sitaki wema wa namna hiyo. Nyasi zangu nitazikata mwenyewe hata kama itabidi nizing'oe kwa meno.

Kwa hiyo niambie tiba ya huku kuzima. Wewe ndiye fundi.

Bado nasema njoo. Septemba ni mbali kidogo. Kama ungeweza Juni, ingekuwa bora.

Verna


Mesa
2 Juni 2011

Verna,

Mashine haina ubovu. Nimempigia simu yule fundi wa dukani, anaapa aliikagua mwenyewe.

Chini ya kiti kuna swichi. Ukikaa, uzito wako unaibonyeza na injini inaendelea. Ukiinuka, au ukianguka, swichi inaachia na kila kitu kinazima, ili visu visikukate. Ni kwa usalama wako. Kiti kinataka mtu wa ratili mia moja hivi. Chini ya hapo, ukirushwa kidogo na shimo, trekta linadhani hakuna mtu. Nilikuwa nikiwaambia wateja: ikizima hovyo, mnene akalie, mwembamba ashuke.

Kwa hiyo ama unaendesha umesimama kama mpanda farasi wa sarakasi, ama kitabu hukukisoma. Wewe na keki zako za tufaha hujakosa ratili mia tangu darasa la sita. Kaa vizuri. Jibweteke.

Na hiyo "ni bovu" imenikera. Ningekupa dhahabu ungesema ina kutu. Juni haiwezekani. Unajua ninachongoja.

Dwain


Kellersburg
9 Juni 2011

[Barua hii haikutumwa. Ilikutwa ndani ya kitabu cha maelekezo ya trekta.]

Dwain mdogo wangu,

Ratili tisini na nne. Nimejipima leo asubuhi baada ya kusoma barua yako, na viatu nikiwa navyo. Krismasi nilikuwa na mia na arobaini na mbili.

Nilidhani mashine ni mbovu. Nakuapia, nilidhani hivyo kweli. Umenieleza vizuri sana jinsi inavyofanya kazi, hata nimecheka peke yangu jikoni. Inanipima kila ninapokata na kusema hakuna mtu hapa.

Ni saratani ya kongosho. Waliniambia Machi, kabla hujatuma chochote. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kimekwenda ndani zaidi ya nguo. Daktari alitaja miezi, nami nikamwambia aniandikie kwenye karatasi maana masikio yalikuwa yamegoma. Sita, nikiwa na bahati. Ukihesabu utaona kwa nini nilisema Septemba, na kwa nini sasa nasema Juni.

Nilijiapiza siku ile chini ya kanisa kwamba tukifika kwenye kifo kingine nitakuambia wa kwanza. Na hii hapa nakuambia. Lakini kalamu inaniuliza: akija sasa, amekuja kwa nani? Kwa mgonjwa mtu anakuja hata kama hampendi. Wewe umekaa miaka minane ukingoja neno moja, na mimi nimekaa miaka minane nikikungoja uje bila neno. Nataka uje kwa sababu mimi ni dada yako niliyekufundisha kufunga kamba za viatu. Nikikuambia ninakufa, hilo sitalijua tena kamwe.

Basi ni kiburi. Baba alikuwa nacho, wewe unacho, kwa nini mimi nikikose?

Barua hii nitailaza usiku mmoja. Kesho nitaona.


Kellersburg
12 Juni 2011

Mdogo wangu Dwain,

Ulisema kweli, ilikuwa swichi ya kiti. Nimechukua mfuko wa chumvi ya kulainishia maji ya kisima, ule wa ratili arobaini, nimeufunga kwenye kiti kwa mkanda wa suruali ya baba, na mimi ninakaa mbele yake kidogo. Sasa linakwenda bila kuzima. Lois Dirksen alikuja kunisaidia kuuinua, akauliza wa nini, nikamwambia ni ushauri wa mdogo wangu. Hakucheka.

Nyasi zimeshamiri mwaka huu kwa mvua. Sijapika keki tangu Pasaka, hamu yake imenitoka.

Njoo, Dwain. Sikuombi samahani wala wewe usiniombe. Tukae tu barazani.

Verna


Mesa
25 Juni 2011

Verna,

Mfuko wa chumvi!

Miaka thelathini nimewakanya watu wasichezee swichi ya kiti. Nimemwona kwa macho yangu mtu aliyeifunga kwa waya, na vidole vichache vya mguu alivyobaki navyo. Ukianguka na mfuko uko kitini, visu vitaendelea kuzunguka, unaelewa? Nimekutumia kitu cha kukupumzisha, wewe umekigeuza mtego, kisha unamwambia jirani ni ushauri wangu.

Unajua ninachofikiri? Hukulitaka tangu mwanzo. Ulilitafutia kosa, ukakosa kosa, sasa unalitia kosa mwenyewe. Hivyo hivyo ulivyofanya na friji niliyompelekea mama. Kitu kikitoka kwangu lazima kiwe na dosari.

Kutoa mfuko ni kazi ya dakika mbili. Ukiutoa, niandikie. Kabla ya hapo sina la kusema.

Dwain


Kellersburg
19 Julai 2011

Mdogo wangu Dwain,

Jumanne iliyopita Glen Dirksen amekata nyasi zangu. Sikumwomba.

Nilikuwa nimelala mchana. Nikasikia trekta likinguruma uani nikadhani ni langu, nikadhani ni wewe umekuja. Nikajikongoja mpaka dirishani. Alikuwa Glen na lile lake kuukuu. Alikata mbele, nyuma na ukingo wa mtaro, akakusanya vijiti vilivyoanguka chini ya mti, akaenda zake bila kugonga mlango. Mistari aliiweka vizuri. Nilipika kahawa nikakaa nayo barazani mpaka ikapoa.

Nimelipiga pasi gauni langu la bluu.

Mfuko nimeutoa, kama ulivyotaka. Trekta liko bandani, limefunikwa. Limefanya kazi saa kumi na tisa tu.

Njoo.

Verna


Mesa
3 Agosti 2011

Verna,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali unapoeleza kwa nini trekta jipya limefunikwa bandani halafu Glen Dirksen anakukatia na kopo lake la zamani. Hukueleza. Kwa hiyo nitaeleza mimi: umemwacha akate ili watu wote waone zawadi ya Dwain haifai. Hongera. Arlene atakuwa ameshaisambaza.

Na hilo gauni unaliandaa kwa harusi ya nani sijui.

Mpe Glen ufunguo kabisa, amalize. Akitaka kujua kuhusu oili ya kwanza na aniulize, maana wewe naona hata hiyo hukumwaga.

Nilikuwa nimekaribia kukata tiketi ya Septemba bila hilo neno lako. Nilitaka ujue hivyo. Sasa nimeghairi.

Dwain


Mesa
2 Septemba 2011

Bibi Lois,

Siku ya mazishi sikukuaga. Nilikuwa sijiwezi kwa hasira na kama ningefungua kinywa ningekuvunjia heshima mbele ya mchungaji.

Sasa nimetulia kiasi cha kuandika. Naomba unijibu jambo moja. Wewe ulikuwa unaingia nyumbani kwake kila siku. Wewe na Glen mlijua. Daktari alijua, mchungaji alijua, hata mwanamke wa posta alinipa pole akaniambia, "Afadhali amepumzika, aliteseka tangu Machi." Tangu Machi! Mimi nilipigiwa simu na Arlene tarehe kumi na nne Agosti, saa mbili baada ya kukata roho.

Hii ni mara ya pili. Kwanza baba, sasa yeye mwenyewe. Wilaya nzima imekaa ikatazama, wala hapakuwa na mtu mmoja wa kuchukua kalamu na kuandika, "Dwain, dada yako anakufa." Mmeona raha gani?

Dwain Stueve


Kellersburg, Ohio
12 Septemba 2011

Bwana Dwain,

Raha hatukuona.

Mimi nilitaka kukupigia simu tangu mwezi wa tano. Alinizuia, akasema, "Namwandikia mwenyewe, Lois." Na kweli alikuwa akikuandikia. Nilikuwa nikizipeleka posta kwa mkono wangu. Nilipouliza umesemaje, alisema utakuja Septemba. Nilimwamini. Alipokufa nimezikuta barua zako zote mezani, na juu yake nakala za zake, maana alikuwa na tabia ya kuandika kwanza kwenye daftari. Nimezisoma. Sikupaswa, lakini nimezisoma, na usiku huohuo nikamsomea Glen.

Kwa hiyo usiniambie hakuna aliyekuambia. Alikuambia tangu Mei. Wewe umeuza haya matrekta miaka thelathini. Mimi uliniuzia moja, ukanitania kwamba kwangu halitazima kamwe. Mwanamke anakuandikia kwamba kiti hakimjui tena, wewe mwenyewe unamjibu kwamba kinataka ratili mia, kisha unamwambia ajibweteke. Anakuandikia kwamba amefunga chumvi kitini, unamgombeza kwa usalama. Anakuandikia kwamba Glen amemkatia nyasi. Dwain, wewe umezaliwa hapa. Mama yako alipougua ni Glen huyuhuyu aliyekata, na wewe ukakaa ngazini ukalia, nilikuona. Ni mtu gani wa hapa anayesoma "Glen amekata nyasi zangu, nimelipiga pasi gauni" na kuwaza mashine?

Yale mahindi ya baba yako ulishindwa kuyasoma, nikasema sawa, yalikuwa mafumbo. Haya hayakuwa mafumbo. Kwa watu wetu, huko ndiko kupiga kelele.

Mimi pia nina langu. Niliuinua ule mfuko pamoja naye nikaujua ulikuwa wa nini, nikarudi nyumbani kupika chakula cha Glen. Ningeweza kukupigia hata akinichukia. Sikupiga. Hilo nitalibeba mimi, sikugawii.

Barua yako ya Agosti ilimkuta hai. Macho yalikuwa yamechoka, akaniomba nimsomee. Nilipofika kwenye tiketi ya Septemba nikasita, akasema, "Soma." Nikasoma kwamba ulikaribia kuja bila lile neno, kisha nikasoma kwamba umeghairi. Akasema, "Alikaribia." Akaniambia niiweke pamoja na zile nyingine. Baada ya siku nne hakusema tena.

Naambatisha moja ambayo hakuituma. Ilikuwa ndani ya kitabu cha trekta, mahali panapoeleza habari za kiti. Isome ukiwa umekaa.

Umeuliza kwa Arlene juu ya nyumba na trekta. Nyumba iko salama. Nyasi tunakata sisi mpaka utakapoamua. Glen mgongo umemshika, kwa hiyo nimekata mimi mara nne kwa trekta lako, na makaburini pia, kumzunguka yeye na wazazi wenu. Oili ya kwanza alikuwa ameshaimwaga, Mei, ameandika tarehe kwenye jalada la kitabu.

Mfuko wa chumvi sikuuhitaji. Mimi nina ratili mia mbili na kumi na tano. Halijazima hata mara moja. Ulisema kweli, mashine haina ubovu wowote.

Lois Dirksen